Ndoa ya kanisani haihitaji kamati ya harusi

Mhariri,

Makanisani mwetu hapa Uganda wamo wenzi waliokaa pamoja miaka kumi, wana watoto watatu au wanne, wanatoa fungu la kumi, lakini Meza ya Bwana ikiandaliwa wanabaki kwenye mabenchi. Waulize kwa nini hawajafunga ndoa. Jibu ni lile lile kutoka Arua hadi Kabale: pesa hazijapatikana. Mahubiri yanawaita wazinzi, na Waebrania 13:4 husomwa kwa sauti kubwa. Nawaomba wachungaji wetu waulize pesa hizo ni za nini hasa.

Sheria ya Ndoa ya Uganda inadai machache. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, kama inavyosema Ibara ya 31 ya Katiba, na kila mmoja asiwe na ndoa na mtu mwingine. Tangazo la ndoa likae siku 21. Makanisani limezoeleka kusomwa Jumapili 3 mfululizo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ibada ifanyike kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi 2 mbali na mchungaji, katika kanisa lenye leseni ya kufungisha ndoa. Basi. Keki, hema, gauni la kukodi na msafara wa magari havimo katika sheria hiyo, wala havimo katika Mwanzo 2:24, inayotaka mtu awaache baba na mama, aambatane na mkewe, nao wawe mwili mmoja.

Kwenye leseni ndipo wengi wanapoumia. Kanisa dogo la mtaani linafungisha ndoa, linatoa cheti kizuri chenye muhuri, kisha mume anafariki na mjane anakuta ndoa yake haimo katika kumbukumbu yoyote. Kabla tangazo la kwanza halijasomwa, ombeni kuiona leseni. Baada ya ibada, fuatilieni URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, kama kanisa limepeleka taarifa ya ndoa yenu. Makanisa yanatakiwa kupeleka taarifa hizo kila mwezi.

Wapo pia waliokwisha kufanya kwanjula au kuhingira, yaani sherehe za ndoa ya kimila, mahari ikatolewa, wazee wa pande zote mbili wakashuhudia. Kuwaambia hawa kwamba wanazini ni kosa. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili mbele ya sheria, na wanatakiwa kwenda na mashahidi 2 kuisajili ndani ya miezi 6. Kanisa bado lina kazi hapo, kwa sababu ndoa ya kimila inamwachia mume nafasi ya kuongeza mke, lakini ya kanisani inamfunga kwa mmoja hadi kifo. Waitwe kufunga ndoa hiyo kwa furaha, wasifanyishwe toba ya uasherati mbele ya watu.

Hata hivyo, linaloniuma zaidi ni mafundisho ya ndoa yenyewe. Wiki nyingi huishia kwenye utii wa mke na usafi wa nyumba. Siku ya kufundisha tendo la ndoa, mwalimu anasoma kwamba mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe, halafu anafunga Biblia. Aya hiyo hiyo, 1 Wakorintho 7:4, inaendelea: vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Paulo aliweka mizani sawa, tena aya ya 5 inataka wapatane. Mwanamume anayemlazimisha mkewe kwa hoja kwamba alitoa ng'ombe hawezi kujificha nyuma ya Paulo. Mahari haimfanyi mke kuwa mali. Mwezi Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ufundishwe darasani, wazazi wakiwepo.

Kuhusu kipimo cha VVU, ni vizuri wachumba wapime pamoja, na warudie baada ya miezi 3, kwa kuwa maambukizi mapya huenda yasionekane mara ya kwanza. Lakini majibu ni yao wawili. Kamati ya kanisa haina haki ya kuyasoma, na sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2014 inalinda siri hiyo.

Kila kanisa lenye leseni linaweza kuanza na wenzi 5 au 6. Majina yasomwe Jumapili 3, ya 4 wafunge ndoa baada ya mahubiri katika ibada ya kawaida, wakiwa na nguo walizo nazo, washarika wanywe chai pamoja nao, na Meza ya Bwana iandaliwe siku hiyo hiyo. Kadi za michango zisichapishwe.

Mwalimu wa mafundisho ya ndoa,
Jinja