Kamati za harusi, tuachieni mshono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie ile makala yenu ya karibuni iliyowafundisha wanawake namna ya kuonekana maridadi. Mwandishi alitaja mkoba wa ngozi wa bei mbaya, wigi la nywele za binadamu, kucha za kubandika, manukato ya Ufaransa na gauni walau moja la mbunifu. Sina ugomvi na vitu vizuri. Ila mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Ngamiani, Tanga, nimekalia cherehani tangu kabla simu za mkononi hazijaingia mjini, na katika orodha yote ile sikuona fundi, sikuona pasi, sikuona hata sabuni. Nikasema hapa lazima nami niandike.

Nianzie begani. Mteja huniletea nguo aliyonunua dukani, analalamika haimkai na hajui kwa nini. Yeye anashika kiuno, mimi natazama bega. Mshono wa bega ukiishia pale mfupa unapoishia, nguo nzima inatulia. Ukiteremka vidole viwili kuelekea mkononi, kifua kinapwaya, kwapa linavuta, na mwenye nguo anashinda akijivuta shingoni kutwa nzima. Huyo mvike dhahabu utakavyo, watu wataona mkono unaovuta shingo. Akivua akaniachia nikapandisha bega, nikabana kwapa kidogo, siku anayokuja kuchukua anasimama mbele ya kioo mwenyewe bila kuambiwa asimame wima. Nguo ile ile, bei ile ile.

Jambo la pili halionekani kabisa kwa mtu aliye nje, nalo ni akiba ya mshono. Geuza gauni ndani nje uangalie. Nguo nyingi za kiwandani zimebakiziwa kitambaa chembamba tu kando ya mshono, hivyo ukinenepa kidogo ndiyo basi. Fundi anayejua kazi anakuachia inchi moja kila upande, kwa sababu mwanamke anazaa, ananyonyesha, anaugua, anapona, na mwili wake haukai pale pale. Gauni lenye akiba naliachia leo, mwakani nalibana tena, na mwenyewe analivaa miaka kumi likimkaa kila mara. Hapo ndipo pesa inapookolewa, si kwenye punguzo la bei. Na upindo wa chini uwe mpana, inchi mbili hivi, ushonwe kwa mkono uzi usionekane upande wa juu. Upindo mpana unalipa gauni uzito, likiteremka linateremka sawasawa, halipepei ovyo upepo wa baharini ukivuma.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi, maana makala haikuligusa, na ndilo linalowaharibia wanawake wa mji huu kuliko ukosefu wa mikoba: sare za harusi.

Siku hizi harusi moja ina kichenpati, ina sendofu, ina sherehe yenyewe, na kila moja ina sare yake. Kamati inakaa, mtu mmoja mwenye sauti kubwa anachagua kitenge, kinanunuliwa kwa jumla, kinakatwa yadi 3 kwa kila mwanamke, na ujumbe unatumwa kwenye kundi la WhatsApp: "Sare tayari, mwisho wa kulipia Ijumaa." Yadi 3 kwa kila mtu! Binti wa chuo aliye mwembamba anapewa yadi 3, na shangazi wa bwana harusi mwenye mwili wake anapewa yadi 3. Kitambaa chenyewe upana wake ni inchi 45. Mwembamba anapata gauni refu na kilemba, kinabaki kipande cha kumshonea mtoto. Shangazi, nikishakata mgongo na kifua, sina tena cha kutengenezea mikono. Halafu anataka nimfanyie kama alivyoona kwenye picha ya simu, yenye marinda hadi chini!

Na bado kuna maua. Kitenge chenye maua makubwa ni kitambaa kizuri sana ila kinakula yadi, kwa sababu lazima uyalinganishe, ua la kushoto likutane na la kulia pale zipu inapopita. Ukibanwa na yadi unakata popote. Mwaka jana mama mmoja alinijia Ijumaa jioni, sherehe Jumamosi, na gauni ambalo fundi mwingine alikuwa ameshamaliza kulishona. Ua moja lenye ukubwa wa sahani lilikuwa limetua upande mmoja wa makalio, upande wa pili hakuna kitu. Mwenyewe alikuwa hajajiona kwa nyuma. Binti yake ndiye aliyempiga picha, akamwonyesha, mama akaanza kulia. Tulikaa hadi usiku tukifumua. Kwa kuwa kitambaa cha kubadilishia hakikuwepo, niliteremsha kiuno, nikageuza kipande cha nyuma juu chini ua lipande mgongoni, na palipopungua chini nikaunga kitambaa cheusi. Alipendeza. Lakini aliniambia maneno ambayo nimekaa nayo: kabatini ana kitenge chake cha Kiholanzi alichonunuliwa na mumewe, hajawahi kukivaa kwenye harusi hata moja kwa sababu kila harusi ina sare yake.

Sare zenyewe mara nyingi si pamba. Muuzaji atakwambia pamba tupu, na ukingoni kumepigwa chapa ya maneno makubwa ya Kiingereza. Usibishane naye. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha jivu laini. Ya plastiki inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu kama shanga. Kitambaa kile ukikivaa kwenye ukumbi wa Tanga mwezi wa pili, dakika kumi tu umelowa mgongoni, na jasho linang'ang'ania humo hata ukifua. Hata cha pamba nakiloweka kwanza kabla sijakikata, kisinyae kama kina nia ya kusinyaa na kichuje rangi kikiwa bado hakijawa gauni. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Sasa sare inayoletwa siku mbili kabla ya sherehe utailoweka saa ngapi? Unakata hivyo hivyo, unashona usiku kucha, mama anavaa mara moja, anafua, gauni linapanda juu ya magoti.

Sisi mafundi nasi tuna sifa mbaya ya "njoo kesho", najua, na tunastahili kusemwa. Ila wiki yenye sare za harusi tatu, hata malaika angesema njoo kesho.

Turudi kwenye umaridadi. Mtu akiniuliza mwanamke gani anajua kuvaa hapa mjini, simtaji mke wa mkubwa yeyote. Namtaja mteja wangu mmoja anayeuza samaki pale soko la Deep Sea. Alfajiri ukimkuta sokoni yuko na ndoo na magamba hadi kwenye viwiko. Saa kumi jioni ukimkuta njiani huamini kuwa ni yule yule. Mikono ameisugua kwa ndimu na majivu hadi kwenye kucha, kucha fupi, safi, zina hina tu. Visigino havina magaga, jiwe lake la kusugulia liko bafuni na analitumia. Nywele kasuka twende kilioni, mistari imenyooka. Ana magauni mawili tu ya kutokea, yote nimeyashona mimi, na ana kanga. Kanga zake zote zimekungwa upindo. Huyu hawezi kuvaa kanga ikining'inia nyuzi za mkasi, wala iliyo na wanga wa dukani inayosimama kama kadibodi. Anaifua kwanza, anaipiga pasi, anaifukiza udi kwenye chetezo, anaikunja. Akijifunga, pindo la chini liko sawa pande zote na jina, yale maneno ya kanga, linasomeka. Jina lenyewe analichagua kwa makini, kuna jirani zake wanalijua hilo.

Huko ni kujitunza kwa watu wa pwani tangu zamani, wala hakukuja na televisheni. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivalishwa kaniki na merikani, vile vitambaa duni, walinunua kanga kwa pesa zao, na kila mmoja alitaka aonekane ameivaa vizuri, maana nguo ilikuwa inasema huyu sasa ni mtu wake mwenyewe. Hadi leo wapo akina mama wa hapa wanaovuka Horohoro kwenda Mombasa kufuata kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla. Mtu havuki mpaka kwa ajili ya kitambaa atakachokivaa kimekunjamana.

Kuna mambo ambayo wanaume huwa hawayaandiki, na nadhani mwandishi wa makala ni mwanamume, anisamehe kama nakosea. Nguo ya ndani ni nusu ya kazi yangu. Gauni jepesi bila gagulo linashikana na mapaja, na mstari wa chupi unaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Sidiria iliyochoka lastiki inateremsha kifua, na vipimo vyote nilivyochukua vinakuwa vya uongo. Wateja wangu nawaambia waziwazi: kabla hujanunua kitambaa cha pili, kanunue sidiria inayokutosha na gagulo moja jeupe, moja jeusi. Wengine wananuna. Wakirudi hawanuni.

Na ngozi. Ninapopima mtu nipo karibu naye kuliko daktari wake. Naona mikono iliyokuwa na rangi nzuri ya maji ya kunde imegeuka nyekundu, viungo vya vidole vimebaki vyeusi, mishipa inaonekana shingoni, na pini ikimgusa kidogo kidonda hakiponi upesi. Ndiyo mkorogo huo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini vinapita tu, vingine havina hata kibandiko. Mtaani wanasema uso Fanta, miguu Coca-Cola, watu wanacheka, mimi sicheki. Hakuna rangi ya kitambaa ninayoweza kumchagulia mtu mwenye rangi tatu mwilini. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta ya nazi kidogo, vaa njano, vaa zambarau, vaa nyeupe, kila kitu kinakubali. Maharusi nao wawe waangalifu na piko iliyochanganywa na dawa ya kupaka nywele. Nimeshawahi kumshonea bibi harusi mikono mirefu ghafla, siku moja kabla, kwa sababu maua ya piko yalikuwa yamemuumukia malengelenge hadi kwenye viwiko.

Kuhusu wigi sisemi mengi. Mrembo wetu Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora. Mwenye kupenda wigi avae, ila alichane, alifue, na lisiteremke hadi kwenye nyusi. Manukato vilevile, tone nyuma ya sikio linatosha. Anayeingia kwenye daladala abiria wote wakafungua madirisha hajajifukiza, kajimwagia.

Basi ombi langu ni kwa kamati za harusi, na ningefurahi gazeti lako likilibeba. Acheni kununua kitambaa kimoja kwa watu themanini. Tangazeni rangi, kila mwanamke atafute kitambaa chake katika rangi hiyo, cha pamba au cha hariri, kipya au kilichokaa kabatini, na achague mshono unaoufaa mwili wake. Aliye mnene akate yadi 5, aliye mwembamba 3. Mjane ambaye mwezi huu hana kitu avae alichonacho, asikope kwa ajili ya sare atakayoivaa kwa saa nne tu. Tangazeni walau wiki sita kabla, siyo siku sita.

Na kama kamati inaogopa picha zitatoka na rangi za vurugu, ikate vipande vidogo vya mfano, vya inchi tatu, kila mmoja aende na chake dukani. Wauza vitambaa wamezoea kulinganisha kwa kipande. Muhimu mteja atoke nacho nje akilinganishe juani, kwa sababu chini ya taa za duka bluu na zambarau hufanana, na fundi akija kuligundua hilo huwa keshaweka mkasi.

Fundi wa nguo za kike,
Ngamiani, Tanga