Kupoteza CD ya Windows si kupoteza leseni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu watu wengi wanaopeleka kompyuta kwa mafundi hapa Dar es Salaam na, naamini, mikoani pia. Kompyuta ikigoma kuwaka au ikiwa nzito kupita kiasi, mwenyewe huambiwa kwamba dawa yake ni kupiga Windows upya, yaani kusakinisha tena mfumo unaoiendesha, kisha huulizwa kama anayo CD iliyokuja na mashine hiyo. Akijibu kwamba imepotea, au kwamba hakuwahi kupewa kwa kuwa alinunua mashine ya mtumba Kariakoo, fundi huchomeka flashi yake mwenyewe na baadaye humkabidhi kompyuta yenye Windows iliyochakachuliwa. Mteja huondoka akiamini kwamba hapakuwa na njia nyingine, ilhali mara nyingi leseni halali, aliyoilipia yeye au mmiliki wa kwanza, ilikuwa ndani ya mashine ileile muda wote.

Imani hii ina asili yake. Enzi za Windows XP, CD ilikuwa na umuhimu wa kweli: namba ya leseni yenye herufi na tarakimu 25 ilibandikwa kwa stika chini ya laptopu au ubavuni mwa kasha la kompyuta ya mezani, na namba iliyotolewa pamoja na kompyuta haikukubaliwa na CD iliyouzwa peke yake dukani. Windows 7 iliendelea na stika hiyo, ambayo kwenye laptopu nyingi ilikwisha kufutika kabla mashine yenyewe haijachoka. Mambo yalibadilika mwaka 2012 ilipotoka Windows 8. Tangu hapo watengenezaji wakubwa wa kompyuta huiandika namba hiyo kiwandani, ndani ya chipu iliyo kwenye madabodi, yaani bamba kuu la kompyuta, na programu ya kusakinisha huisoma yenyewe bila kumsumbua mtu. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliongeza utaratibu mwingine: mashine ikishathibitishwa mara moja, kumbukumbu ya vifaa vyake hubaki kwenye seva za Microsoft, kwa hiyo hata ikibadilishwa hadi diski, kifaa kinachohifadhi mafaili, leseni hurudi pindi kompyuta inapounganishwa na intaneti. Kinachoweza kuipoteza kweli ni kubadilishwa madabodi, na hilo mteja hana budi kuambiwa kabla ya kazi kuanza.

Diski ya kusakinishia yenyewe, basi, hupatikana bure. Microsoft wameweka kwenye tovuti yao programu ndogo inayotengeneza flashi ya kusakinishia Windows. Inatakiwa flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa yote, pamoja na kompyuta nyingine iliyo nzima na bando la kutosha kupakua GB kadhaa. Wakati wa kusakinisha, ukiombwa namba ya leseni, chagua sehemu inayosema huna namba na uendelee. Jambo la kuangalia ni toleo: mashine yenye leseni ya Home, toleo la nyumbani, ikipigwa Pro, toleo la kikazi, kwa flashi ya fundi, Windows italalamika kwamba haijathibitishwa, na hapo ndipo mteja huambiwa kwamba leseni yake imekufa, nayo haijafa hata kidogo.

Tena si kila mara flashi inahitajika. Kompyuta nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na sehemu iliyofichwa kwenye hadi diski, yenye nakala nzima ya mfumo. Kwa laptopu nyingi za HP hufunguliwa kwa kubonyeza F11 mashine inapowaka, kwa ASUS ni F9, na kwa Acer ni Alt pamoja na F10. Inasikitisha kwamba wapo mafundi wanaoifuta sehemu hiyo eti kumwongezea mteja nafasi. Windows 10 na 11 zina pia njia yao ya kujirudisha upya, ambayo humpa mtumiaji uchaguzi wa kubakiza mafaili yake binafsi na kuondoa programu tu. Hata Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo wenye njia hiyo.

Ninachokiona kibaya kuliko vyote ni haraka ya kufuta. Picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu za wanafunzi hupotea kwa sababu fundi hakuuliza swali moja kabla ya kuformati. Kompyuta isiyowaka inaweza kuwashwa kwa flashi yenye Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, bila kugusa chochote kilichomo kwenye hadi diski, na mafaili yakanakiliwa kwanza mahali salama. Hata hivyo, mashine nyingi za siku hizi hufunga hadi diski kwa BitLocker, kufuli lililomo ndani ya Windows, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hakuna fundi atakayeyasoma mafaili hayo. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, kwa hiyo ni vyema kila mtu akaikumbuka barua pepe aliyoitumia siku ya kwanza.

Kuhusu hizo programu za kulazimisha Windows ikubali bila leseni, nitauliza jambo moja tu: kwa nini nyingi zake hudai uzime kinga ya virusi kabla ya kuziendesha? Anayefanyia miamala ya benki kwenye kompyuta ya namna hiyo amemfungulia mlango mtu asiyemjua.

Wapo watakaosema kwamba mashine zao ni za zamani mno kwa haya yote. Ni kweli kwamba Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo laptopu nyingi za mtumba hazina. Kwa mashine hizo ningeshauri Linux Mint, ambayo haina leseni ya kununua na humtosha mtu wa kuandika barua, kuingia mtandaoni na kutazama video, ijapokuwa mwenye programu ya uhasibu inayotegemea Windows atakwama.

Sisemi haya kwa kuwadharau mafundi, kwa kuwa nami ninakula kwa kazi hiyohiyo. Ninawaomba wenzangu waangalie leseni iliyomo kabla ya kufuta, na wamwandikie mteja kwenye risiti ni toleo gani waliloweka na kama limethibitishwa. Wenye maduka ya kompyuta za mtumba nao wangeweza kuandika vivyo hivyo wanapouza, pamoja na kueleza kama sehemu ile ya kiwandani bado ipo. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano kwa mashine moja, na mteja anayo haki ya kuidai kabla hajatoa fedha.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi kompyuta,
Temeke, Dar es Salaam