Si kila anayetoka kizimbani "ameachiwa huru"

Mhariri,

Habari za mahakamani zina kosa linalojirudia nalo linaumiza watu: kila anayetoka kizimbani bila kifungo huandikwa "ameachiwa huru". Marekebisho ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, lakini amri nyingi bado zimejengwa juu ya vitenzi viwili vya Kiingereza, "acquit" na "discharge", na kimoja hakisimami mahali pa kingine.

Mtenda wa "acquit" ni mahakama peke yake, mtendwa ni mtu, na kosa hufuata baada ya "of". Kwa kawaida mahakama imepima kesi ikamwona hana hatia. Ndiyo maana "DPP amwachia huru" ni sentensi isiyowezekana: DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, huondoa mashtaka, hana mamlaka ya kumsafisha mtu. Aliyeonekana hana hatia hashtakiwi tena kwa kosa lile lile. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, isiporidhika, ikate rufaa.

"Discharge" humshusha mtu kizimbani tu. Soma kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za toleo la 2022. Mwendesha mashtaka akiondoa shtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, kitenzi ni "discharge", na polisi wanaweza kumkamata tena akiwa bado kwenye ngazi za mahakama, huku ndugu zake wakishangilia. Akiliondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, kitenzi ni "acquit". Kwa hiyo mwandishi asiyejua kesi ilifikia hatua gani hawezi kuandika kichwa sahihi cha habari.

Tena ipo "discharge" ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Huyo ametiwa hatiani, ila anaachiliwa bila adhabu, pengine kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kumwita huyu "huru" sawa na asiye na hatia ni kupotosha hukumu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha. Kwa "acquit", andikeni "ameonekana hana hatia ya wizi". "Ameachiwa huru kwa wizi" husomeka kana kwamba wizi ndio uliomfungulia mlango. Kwa "discharge" ya kifungu cha 98, "shtaka limeondolewa, anaweza kushtakiwa upya". Kwa ile ya kifungu cha 38, "ametiwa hatiani, ameachiliwa bila adhabu", au "kwa masharti" kama yapo. Na kabla ya kutuma habari, mwandishi amuulize karani amri imetolewa chini ya kifungu gani.

Wakili na mfasiri wa sheria,
Dodoma