Kikao cha Jumamosi: mwaka wetu ni 1582

Habari zenu wanahistoria, poleni na majukumu. Kuna mabadiliko kidogo, ule mwaka 1588 tuliopanga kuujadili tumeusogeza mbele maana aliyekuwa aongee amesafiri, kwa hiyo Jumamosi hii tunapiga mwaka 1582. Saa 10 jioni, palepale kwa mwenyekiti Sinza, na sio saa 10 ya kufika saa 12 jamani mnajijua.

Mgawanyo uko hivi:

1. Dada Rehema – kalenda ya Papa Gregory wa 13. Italia, Hispania na Ureno watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15, siku 10 zimeyeyuka, sijui wenye nyumba walidai kodi ya mwezi mzima au vipi 😂 Utueleze pia kwa nini Uingereza waligoma mpaka 1752.

2. Kaka Juma – Japani, mbabe wa vita Oda Nobunaga kusalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide pale kwenye hekalu la Honnō-ji, Kyoto, mwezi Juni. Usimsahau Yasuke, Mwafrika aliyekuwa anamtumikia Nobunaga, mi hapo ndo nasubiri kwa hamu.

3. Mimi – Shakespeare kuoa akiwa na miaka 18, mke 26. Fupi tu.

Mchango wa chai na vitafunwa ni 3,000, mtumieni mweka hazina mwisho Alhamisi usiku.

Naomba kila mtu aandike NAKUJA au SIJI hapa kabla ya kesho jioni tujue idadi ya maandazi, ile alama ya dole gumba siihesabu.