Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar: mashine zimekuja, karatasi ziko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya Serikali huku Kaskazini Pemba. Nasomesha wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu, waliochanganywa na wenzao katika madarasa ya kawaida kama elimu mjumuisho inavyotaka. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wazee wa watoto hawa na walimu wenzangu wa Unguja na Pemba, na ningependa nao walisome.

Sikuja kuomba mashine mpya. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila vinapotajwa vifaa vya wasioona, kinachofuata ni ahadi ya mashine, halafu siku ya makabidhiano: bango, meza yenye kitambaa, picha. Tunashukuru, na watoto wanafurahi kweli. Lakini mashine ya nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, ikiwa haina karatasi, haina fundi na haina vitabu vya kusoma pembeni yake, ni chuma kilichofungiwa kabatini. Ninachokuja kukuomba ni vile vitu vinavyokwisha na vinavyoharibika, ambavyo hakuna anayevifanyia sherehe.

Kwa wasioijua, mashine tunayoitumia ni Perkins, inayotengenezwa tangu mwaka 1951. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, kitufe cha nafasi kikiwa katikati, na kengele inayolia mstari unapokaribia kwisha. Uzito wake unakaribia kilo 5, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu hawezi kwenda nayo nyumbani kufanyia kazi zake. Ni mashine imara. Ikitunzwa inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi kuliko umri wa mtoto anayeibonyeza. Lakini chuma ni chuma, na sisi tunaishi na hewa ya bahari. Chumvi na vumbi vikishaingia, vitufe vinaanza kushikwa.

Moja ya mashine zetu iliharibika nukta ya nne peke yake. Mwenye macho ataona ni jambo dogo, nukta moja katika sita. Basi tazama kilichotokea. Herufi m ni nukta ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ikikosa ya nne inabaki k. Mtoto anaandika "mama", mashine inatoa "kaka". P inageuka l, d inageuka e, n inageuka o. "Pemba" ikasomeka "lekba". Mwanafunzi mmoja, msichana mwepesi wa vidole kunishinda mimi, aliandika insha nzima kwa mashine ile, kisha akarudisha kidole mstari wa kwanza akacheka sana. Alipofika mstari wa tatu alikuwa hacheki tena. Insha ile ilikuwa nzuri, naamini, lakini hakuna aliyeweza kuisoma, hata yeye mwenyewe.

Tukamwita fundi cherehani wa mtaani. Kwa nia njema kabisa akaitia mafuta ya cherehani, vumbi likagandana nayo, na kitufe cha tano nacho kikaanza kuwa kizito. Mwisho mashine ikapakiwa botini kwenda Unguja kutafutiwa mtu anayeijua. Muhula ukaisha haijarudi.

Fundi yule sina neno naye. Mikono anayo, na kuzifungua na kuzifunga chemchemi ndogo ndogo ndiyo kazi yake ya kila siku. Alichokosa ni mafunzo, vifaa vinavyofaa na vipuri. Ombi langu la kwanza, Mheshimiwa, ni mafundi wawili wa mashine hizi wakae Pemba, na sanduku la vipuri liwekwe katika kituo cha walimu, tuseme TC ya Michakaini, ambako Mkoani na Micheweni wote wanafikia bila ya kuvuka bahari. Mmoja wao awe kijana asiyeona. Wapo waliomaliza skuli wamekaa nyumbani, wanaoijua mashine hii kwa vidole kuliko afisa yeyote anayeijua kwa orodha ya mali.

Na wakati mashine ziko kwa fundi, kila mtoto awe na sleti yake na stailasi yake. Hiki ni kibao chenye vijidirisha na kalamu fupi ya kutobolea: hakina kitufe, hakishiki kutu kwa urahisi, kinaingia mkobani, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine. Ugumu wake ni kwamba mtoto anatoboa kwa nyuma, akianzia kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Wanaoanza huchanganyikiwa wiki za mwanzo. Wakishazoea hawaombi tena zamu ya mashine, na zamu ya mashine, nakuhakikishia, ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi katika chumba changu.

Sasa karatasi. Nukta nundu haikai kwenye karatasi ya daftari. Unaipitishia kidole mara mbili imeshalala. Inataka karatasi nene, na karatasi nene inakwisha upesi kwa sababu maandishi haya yanakula nafasi: ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida unaweza kutoka kurasa mbili au tatu. Zikiisha tunatumia manila tukikata wenyewe. Zikiisha manila, wazee wanaleta kalenda za mwaka jana. Kuna mtoto ana maelezo yake yote ya Uraia nyuma ya picha za kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, bati na mabomba upande mmoja, haki za raia upande wa pili. Yeye haimsumbui, picha hazioni. Mimi ndiye ninayeona. Msimu wa masika unyevu ukiingia, hata kalenda hazisaidii, nukta zinalainika, na mtoto anabaki na kurasa laini za maneno aliyoyaandika kwa jasho.

Karatasi hizi ziingizwe katika fedha za uendeshaji wa skuli kama chaki inavyoingizwa, kwa hesabu ya idadi ya watoto, zije kila muhula. Zisisubiri mfadhili.

Kuna jambo ambalo watu wetu wanalisema kwa mapenzi, nami naliogopa. Mtoto asiyeona akienda chuoni kusoma Kurani na akahifadhi juzuu kadhaa, mtaa mzima unamsifu, na ana haki ya kusifiwa. Sifa hiyo inamfuata mpaka skuli, ikifika huku inageuka kisingizio: "Huyu hana haja ya kitabu, anashika kwa kusikia tu." Kuhifadhi ni kipaji. Lakini sehemu katika hesabu, kama nusu na robo, hazishikwi kwa masikio. Mtoto anataka kugusa kilicho juu ya mstari na kilicho chini yake, au apewe abakasi azisogeze shanga mwenyewe. Kiingereza ndiyo usiseme. Mtoto aliyekisikia tu bila ya kukisoma anaandika kila neno kama linavyotamkwa, na Waingereza hawaandiki wanavyotamka. Hata Kiarabu, ambacho ni somo katika skuli zetu, kina nukta nundu yake, nayo inasomwa kushoto kwenda kulia, kinyume na wenzake wanavyosoma kwenye kitabu. Mwalimu wa Kiarabu asipolijua hilo anaweza kumwambia mtoto ameshika karatasi juu chini.

Sisemi masikio yasitumike. Kompyuta inayosema imewafungulia wengi mlango. Ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na haiuzwi, inapakuliwa bure. Inasoma hata Kiswahili, kwa sauti kavu ya kiroboti ambayo watoto wanaizoea siku mbili na sisi walimu tunailalamikia mwaka mzima. Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu kama hiyo, ndani yake tangu zinatoka dukani. Kwa hiyo kwa upande huu hatukwami kwa bei ya programu.

Tunakwama kwenye kitabu chenyewe, na hapa, Mheshimiwa, ndipo penye ombi langu kubwa. Kila kitabu cha kiada cha mtaala mpya kiliandikwa kwa kompyuta kabla ya kwenda kiwandani. Maneno yake yote yako katika faili. Lakini mwanafunzi asiyeona anasubiri mpaka kitabu kichapwe, kigawiwe, kifike skuli, halafu mwalimu kama mimi akae usiku akikisoma na kukibonyeza upya herufi kwa herufi. Sura moja inaweza kunichukua wiki nzima, na darasa halinisubiri. Ninapomaliza sura ya pili wenzake wako ya tano. Au anakuja mtu msaidizi, anatupigia picha za kurasa na kututumia PDF. PDF ya picha ni bubu: programu inaifungua, inaipitia yote, haisemi neno.

Taasisi ya Elimu Zanzibar ikitoa faili la maandishi, si la picha, siku ileile kitabu kinapopelekwa kuchapwa, mambo mengi yanakuwa mepesi kwa pamoja. Anayesikiliza anasikiliza. Mwenye uoni hafifu anakuza herufi kadiri ya macho yake. Na printa ya nukta nundu, palipo na printa, inatoa kitabu bila ya mtu kubonyeza upya. Maelezo ya michoro yaandikwe na mwandishi wa kitabu mwenyewe, sentensi mbili tatu chini ya kila mchoro. Yeye ndiye anayejua kwa nini aliuweka. Mimi huwa nakisia.

Najua litatajwa suala la hakimiliki. Vitabu hivi vya kiada ni vyetu wenyewe, Serikali haihitaji kumuomba mtu ruhusa ya kitabu ilichokiandika. Kwa vitabu vya wachapishaji binafsi upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo wanayoisoma wasioona, na Tanzania imejiunga nao mwaka 2020. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003. Wanasheria wako wakae na wenzao waangalie kama maneno ya sheria yetu yanakwenda sambamba na mkataba huo. Sheria nyengine tunazo, kuanzia ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 hadi iliyotungwa mwaka 2022, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Sitozirejea hapa, unazo mezani.

Wenye uoni hafifu wanasahaulika katikati. Si vipofu, kwa hiyo hawapewi cha vipofu. Wanaona kidogo, kwa hiyo wanaambiwa wanajifanya. Miongoni mwao wamo watoto wenye ualbino. Mahitaji yao ni madogo kiasi cha kuudhi: ubao uliopakwa rangi upya, kwani mbao nyingi zimeshafifia na chaki haionekani hata kwangu, kiti cha mbele mbali na dirisha linalomulika, kalamu nyeusi nzito, lenzi ya mkono, kibao cha kuinamishia kitabu. Na kupimwa macho kila mwaka, kwa sababu nimewahi kumfundisha nukta nundu mtoto ambaye, alipofika kwa daktari wa macho, alipewa miwani akaanza kusoma kitabu cha wenzake.

Michoro na ramani tunajitengenezea. Ramani ya Pemba tuliitengeneza kwa uzi wa nyavu na gundi juu ya kadibodi, na Wete, Chake Chake na Mkoani tukaziweka kwa chembe za makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Karafuu zenyewe hatukuzigusa, isije ikasemwa skuli inafanya magendo. Mtoto mmoja akaifuata pwani ya magharibi kwa kidole, kikaingia hori baada ya hori, mpaka kikafika Chake Chake. Akauliza, "Kumbe mji uko ndani hivi? Bahari inaufuata mpaka huku?" Nimesomesha Jografia kwa wenye macho muda mrefu, sijaulizwa swali hilo. Gundi na uzi si ghali, lakini hutoka mfukoni mwa mwalimu kila siku, na hilo nalo lina mwisho wake.

Mheshimiwa, ukitaka kuanza na dogo, anza na faili moja. Liwe la Hisabati, maana hilo ndilo somo watoto wangu wanaloachwa nyuma mapema zaidi. Lipelekwe kwa Afisa Mdhamini wa Wizara yako, Chake Chake, na nipigiwe simu skuli. Nitalifuata mwenyewe kwa daladala, flashi ninayo.

Wasalaam,

Mwalimu wa wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu,
Wete, Pemba