Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu: Vitabu Vipya vya Maktaba ya Chuo, na Vya Kale Vinavyokwenda Navyo

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata na nimefurahi kusikia kwamba umekwisha kusajiliwa katika kozi ya mitambo ya boti. Umeniambia kwamba umepewa kadi ya maktaba pamoja na kitambulisho cha chuo, na kwamba huoni kadi hiyo itakufaa nini zaidi ya kukupatia karatasi za mitihani iliyopita. Kisha ukauliza: hadithi na mashairi yanamhusu nini fundi wa mashine? Swali hilo wenzako wengi wameniuliza wakiwa wamesimama mbele ya meza yangu ya ukutubi, na wengi zaidi wanalo moyoni ila hawaliulizi, wanapita mlangoni wakaenda zao gatini. Ndiyo maana nakujibu hadharani.

Vitabu vipya vimefika. Vilishushwa basini Mokowe, upande wa bara, vikavushwa kwa boti mpaka kisiwani Lamu, na kutoka gatini vikapandishwa kwa punda mpaka chuoni, kila katoni imezungushiwa nailoni mara mbili kwa hofu ya maji ya chumvi. Nikisema vipya nakusudia vipya kwetu, kwa sababu maktaba ya chuo kidogo cha jamii hukipata kitabu miaka kadhaa baada ya kuchapishwa. Tangu vifike nimekuwa nikivipiga muhuri, kuvibandika karatasi ya tarehe ndani ya jalada la nyuma na namba mgongoni, kisha kuvipanga nikiacha nafasi ya vidole viwili kati ya rafu na ukuta, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe hunywa unyevu wakati wa kusi na kuurudisha kwenye karatasi, na kitabu kilichoegemea ukuta hushika ukungu kabla hakijapata msomaji wa kwanza.

Ninalotaka kukushauri ni jambo moja: usikiazime kitabu kipya peke yake. Kila kitabu kipya kinachotuhusu sisi watu wa pwani kiazime pamoja na cha kale kilicholigusa jambo lile lile, uvisome kwa zamu, kurasa chache za hiki na kurasa chache za kile. Vitabu vinavyosimulia bahari yetu na babu zetu siku hizi vinaandikwa mbali, vinachapishwa London na New York, na vingine huturudia kwa tafsiri. Ni vizuri mno kwamba vinaandikwa. Lakini msomaji wa Lamu ambaye hajasoma yaliyoandikwa na watu wa huku wenyewe hana kipimo cha kujua ni wapi mwandishi mpya amesikiliza vyema na ni wapi amejazia kwa ubunifu wake.

Anza na Peponi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na riwaya hii aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwaka 2021 alitunukiwa Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 shirika la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam likaichapisha kwa Kiswahili katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni habari ya Yusuf, mvulana wa miaka 12, ambaye baba yake mwenye hoteli ndogo amezama katika deni na kumtoa mwanawe rehani kwa tajiri Aziz. Mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Anawekwa dukani, baadaye anachukuliwa katika msafara wa kwenda bara, huku Wajerumani wakizidi kuitia nchi mkononi na Vita vya Kwanza vya Dunia vikikaribia. Hakuna ukurasa unaokuhubiria. Unaona tu jinsi watu wema wanavyoweza kuishi miaka na miaka ndani ya dhuluma na kuiita desturi.

Mwenzake ni kitabu chembamba ambacho hakijaazimwa muda mrefu: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Huyu ni yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Habari zake alizieleza kwa Kiswahili, na toleo tulilonalo ni lile lililohaririwa na Whiteley, lenye Kiingereza upande wa pili. Ukivisoma viwili hivi kwa zamu utaona kwamba njia ni ile ile ya kutoka pwani kwenda maziwa makuu, ila aliyeisimulia kwanza ni mwenye mali, na anayeipita katika Peponi ni mtoto aliyewekwa badala ya mali. Hamed anahesabu pembe kwa frasila, kile kipimo cha kale cha uzito, anahesabu bunduki, madeni ya Wahindi na majina ya watawala aliopigana nao au kupatana nao. Wapagazi wake wanatajwa kwa wingi wao, kwa nadra sana kwa majina. Gurnah amewapa majina, magonjwa, utani na hofu. Lakini usimdharau Hamed kwa hilo, kwani Kiswahili chake ni cha mtu aliyezoea kusikilizwa, kifupi, kisicho na pambo, na mimi binafsi sijasoma nathari ya kale ya Kiswahili inayokwenda kwa kasi kuliko ile. Msome kwa makini na usimsamehe.

Cha pili ni The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, kilichotoka mwaka 2019. Ni cha Kiingereza na ni kinene, nacho kinakuhusu kuliko wanafunzi wengine wote, kwa kuwa wewe umezaliwa Faza na kitabu kinaanzia kisiwani kwenu Pate. Msichana Ayaana analelewa na mama yake, Munira, mwanamke anayesemwa vibaya mjini, na siku moja anamwona baharia mzee, Muhidin, akirudi kutoka safari za miaka mingi, akamchagua kuwa baba yake. Baadaye anapelekwa China kwa sababu anahesabiwa kuwa wa ukoo wa mabaharia wa Zheng He, jemadari aliyeleta majahazi makubwa katika Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 15. Mwandishi ni mzaliwa wa Nairobi na si wa visiwani, lakini alivyoandika upepo, maji kupwa na kujaa, na jinsi mtaa mzima unavyojua siri ya nyumba moja, ni wazi kwamba alikaa akasikiliza. Sura za Pate ndizo zilizonishika. Zile za ng'ambo naziona ndefu kupita haja, na sentensi zake mara nyingine zimelemewa na maneno. Kiingereza chake kisikutishe. Pita neno usilolijua kama linakuacha uendelee, na usimame pale tu maana yote inapokatika.

Hicho kisome na shairi la kale la Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, anauhutubia moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate: majumba ya mabwana waliokuwa wakiwasha taa za fahari, na sasa vidaka vilivyopangwa sahani vimekuwa makao ya makinda ya ndege. Hapo nakuomba usimame. Vidaka hivyo unavijua. Viko katika kuta za nyumba za kale hapa mjini, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigae vya kauri ya China katika miji mingi ya visiwa vyetu. Yaani China ambayo Owuor anamsafirisha msichana akaitafute, kwa shairi la Sayyid Abdalla ilikwisha kuwamo ukutani, imekuja na biashara na imevunjika na biashara ilipovunjika. Sijui njia bora ya kuielewa riwaya ile kuliko hii. Lugha ya shairi ni Kiamu cha zamani na wengi wa bara huhitaji maelezo kila ubeti, lakini wewe umelelewa na bibi asemaye Kipate, na maneno ambayo mhariri Hichens aliyafafanua kwa urefu katika toleo lake la mwaka 1939 utayakuta mengine unayatumia nyumbani. Msomee mama yako kwa sauti. Yeye beti za utenzi wa Mwana Kupona anazo nyingi kwa moyo, na atakusahihisha mizani.

Sasa nifike kwenye swali lako lenyewe, la fundi na mashairi. Katika katoni zile umo mwongozo mpya wa injini za kupachika nyuma ya boti, na huo nakutaka uusome wote: tofauti ya injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, mara nyingi sehemu moja kwa 50, na ile ya mipigo minne yenye oili yake mbali, sababu ya kuisuuza injini kwa maji yasiyo na chumvi baada ya safari, kazi ya kile kipande cha zinki kinachoachwa kiliwe na kutu ili sehemu nyingine zipone. Ni kitabu kizuri, chenye michoro safi. Lakini kimeandikwa kana kwamba injini inaelea peke yake. Boti utakayoitengeneza hapa ni dau au mashua iliyochongwa Matondoni na fundi ambaye hajapata kuufungua mwongozo huo, na mtikisiko wa injini yako utabebwa na mbao zake.

Kwa hiyo mwongozo huo uazime pamoja na Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni mwaka 1927, aliyefariki mwaka 2017. Kilichapishwa Leiden mwaka 1979, na ni utenzi unaoeleza chombo cha Lamu, ujenzi wake, vifaa vyake na safari yake. Nabhany alikuwa na wasiwasi kwamba maneno ya kazi za pwani yatapotea pamoja na wazee, akayafunga ndani ya mizani ili yakaririwe. Utakutana na mambo ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mataruma, yaani mbavu zake, mlingoti, foromali, yaani mti wa kufungia tanga, na ukalafati wa kuziba mianya. Mwalimu wako wa karakana atakufundisha kwa Kiingereza cha mwongozo. Mteja wako atakuja akisema maji yanaingia upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, karibu na mkuku, na fundi seremala atakuuliza injini imekaza kwenye taruma au imekaza kwenye ubao mtupu. Fundi asiyekuwa na maneno ya pande zote mbili atakuwa akibahatisha, na baharini kubahatisha ni hatari. Nabhany aliandika kitabu cha ufundi. Kwamba kina vina na mizani hakukifanyi kisiwe cha ufundi.

Ila kuvipata viwili hivyo itakubidi utembee. Mpangilio wa namba za vitabu tunaoutumia, kama maktaba nyingi za dunia, ni ule wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, na umekaa kama alivyoiona dunia akiwa kwao: katika mia ya dini, yaani namba 200 hadi 299, Uislamu wote umepewa 297 huku Ukristo ukienea sehemu kubwa ya safu, na katika fasihi, lugha za Ulaya zimetandazwa tangu mwanzo na nyingine zote za dunia zikabanwa katika 890. Injini utaikuta 623.8, karibu na dirisha. Nabhany yuko 896.392, mwisho wa chumba, pamoja na Peponi na Sayyid Abdalla. Historia ya Kenya ni 967.62. Jambo hili huniuma kila ninapobandika namba, na siwezi kulibadilisha peke yangu, lakini naweza kukuelekeza.

Jozi moja zaidi, kwa ufupi, kwa siku ambayo hutaki kitabu kirefu. N'na Kwetu ni diwani ya Mohammed Khelef Ghassani, Mpemba aishiye Ujerumani, iliyokuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015, na ni sauti ya mtu aliye mbali na kwao kwa hiari na bila hiari. Kisome na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya Twendapi? na aliyeyaandika mashairi yake gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Mashairi mengi ni mafupi, unaweza kusoma moja ukingoja boti ijae abiria.

Riwaya na tamthilia ulizotahiniwa sekondari usizirudie kwa sasa. Zilisomwa kwa maswali na majibu, nazo zinahitaji kupumzika kichwani mwako kabla hujazifungua tena kwa hiari yako.

Utaratibu wetu ni huu. Kadi yako inakuruhusu vitabu viwili kwa wakati mmoja, kwa siku 14, na unaweza kuongezewa siku 14 nyingine ikiwa hakuna anayevingoja. Kamusi Kuu ya BAKITA haitoki nje, isomee hapo hapo kwenye meza ya marejeleo. Ukikirudisha kitabu kikiwa kimelowa, niambie mapema nikianike kivulini kwa feni. Usikianike juani, gundi ya mgongo huachia. Peponi na Maisha ya Hamed nimekuwekea chini ya meza yangu, kama ninavyomwekea mwanafunzi yeyote aliyeomba, na nitavishikilia mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Baada ya hapo nitavirudisha rafuni, kwa sababu yupo msichana wa kozi ya hoteli ambaye amekwisha kuviulizia.

Wasalaam,
Mjomba wako,
Lamu