Shemeji, kabla hujaagiza gumbo Lafayette

Shemeji, assalamu aleikum.

Mwezi wa nne mtakuwa Lafayette, Louisiana, na umeuliza mle nini kwenye vile vimigahawa vya kawaida vinavyotandika karatasi mezani. Nianze na nguruwe, maana pilipili mtaizoea, lakini yeye mara nyingi hatajwi kwenye menyu. Andouille ni soseji yake iliyofukizwa moshi. Tasso ni nyama yake ya bega, nayo ya moshi. Boudin ni wali uliochanganywa na nyama yake, mara nyingi na maini, ndani ya utumbo. Hivi huingia kwenye jambalaya, yaani wali wao wa kuchanganya, kwenye maharage mekundu ambayo kwa desturi hupikwa Jumatatu, hata kwenye mboga za majani. Ukiuliza tu kama kuna nyama, mhudumu anahesabu vipande; mafuta na supu hayahesabu. Uliza chungu kilianza na mafuta gani na supu ya nini. Kuku nao unajua suala la uchinjaji, kwa hiyo elekea upande wa samaki na kamba.

Gumbo, ule mchuzi wao mzito, chukua ya vyakula vya baharini na agiza kikombe kwanza, usirukie bakuli. Msingi wake ni unga wa ngano na mafuta kwa kiasi sawa, kikombe kwa kikombe, unaokorogwa bila kuachwa, pengine kwa dakika 45, mpaka uwe rangi ya chokoleti. Ukiungua kidogo tu, vidoti vyeusi vinatokea na chungu kizima kinakuwa kichungu; hakuna kitunguu wala chumvi ya kukiokoa. Kwa hiyo onja mchuzi mtupu kabla ya wali. Ukikuta mafuta yameelea juu kama ya pilau lililochacha, hamia sahani nyingine. Wengine huweka bamia, na wataalamu wengi wa lugha wanasema jina gumbo lenyewe linatokana na ki-ngombo, bamia kwa lugha za Kibantu za Angola. Usishangae kuona saladi ya viazi inatumbukizwa humo badala ya wali. Inaendana kuliko inavyoonekana.

Lililowapeleka hasa ni crawfish, yule kamba wa maji baridi aliye kama kamba kochi aliyenyimwa kimo. (Ndiye huyo huyo aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970.) Machi hadi Mei ndio msimu wake mzuri, nje ya msimu utapewa wa barafu, nyama imelegea. Huuzwa kwa ratili, kwa bei ya siku, basi uliza kabla ya kukaa. Ratili tatu kwa mtu mzima si uroho: nyama ni kama asilimia 15 tu, yaani katika kilo 1.36 unapata gramu 200 hivi.

Shika kichwa mkono mmoja, mkia mkono wa pili, zungusha, vuta. Bandua pete mbili za mwanzo za ganda, kisha binya ncha ya mkia huku ukivuta nyama kwa meno. Itatoka nzima. Wengi hung'ang'ana kumenya ganda lote kama kamba wa Kilwa, na chakula kinapoa. Yale mafuta ya manjano kichwani ndiyo wenyeji wanayofyonza. Nyama ikiwa ujiujiuji, iache.

Ukali wake uulizie pia. Wapishi wanaozima moto na kuwaacha kamba waloweke ndani ya maji ya viungo, pilipili inaingia hadi ndani. Wanaonyunyizia unga wa viungo juu baada ya kuchemsha, midomo inawaka na nyama inabaki bila ladha. Watoto wasianze na viazi vinavyochemshwa humo pamoja na kamba. Vimefyonza chumvi na pilipili kuliko kamba wenyewe. Maji hayazimi ule moto. Agiza maziwa, au watafune mkate.

Ijumaa za Kwaresima epukeni: Wakatoliki hawali nyama siku hiyo, hukimbilia samaki na kamba, foleni inafika barabarani. Bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 huongezwa juu ya bei iliyoandikwa, na kodi vilevile.

Mkimaliza nawa kwa sabuni mara mbili. Anayevaa lenzi za macho azivue kabla ya kula, baadaye vidole havifai.